Kukwea Miamba Katika Nchi Tambarare: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Magharibi ya Kati ya Marekani

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Illinois, Iowa, Wisconsin, Minnesota na majimbo jirani, ambao wameona ukumbi wa kukwea mjini mwao, au wamealikwa na mwenzao wa kazini, na wangependa kujua mchezo huu unafanyikaje mahali ambapo mtu husafiri saa nzima bila kuona kitu kirefu kuliko ghala la nafaka. Majibu mengine ni marefu kwa sababu yanagusa usalama wa mtu, na hapo si vizuri kufupisha.

Je, kweli kuna mahali pa kukwea katika nchi tambarare namna hii?

Papo, tena pengi. Ni kweli kwamba nchi ni tambarare. Sehemu ya juu kabisa ya Iowa, iitwayo Hawkeye Point, iko shambani karibu na mji wa Sibley, mita 509 kutoka usawa wa bahari, na mtu hufika hapo kwa gari. Ya Illinois, Charles Mound, ina mita 376 tu; ukipima kutoka usawa wa bahari, paa la jengo la Willis Tower mjini Chicago liko juu kuliko hapo. Lakini mkweaji hahitaji mlima. Anahitaji mwamba uliosimama wima, wenye nyufa na kingo za kushika, na mwamba wa namna hiyo hupatikana popote mto ulipochimba bonde hata katikati ya mashamba ya mahindi na soya. Kuta nyingi za huku zina urefu wa kati ya mita 10 na 30.

Anayedhani urefu huo ni mdogo mno na atazame mashindano ya Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia kwa mara ya kwanza katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Ukuta wa mbio za kukwea una mita 15, na kuta za kukwea bila kamba hazifiki mita 5. Jabali liitwalo Burden of Dreams, ambalo Mfini Nalle Hukkataival alilimaliza mwaka 2016 na kulipendekezea kiwango cha ugumu cha V17 (nambari hizi zinaelezwa hapo chini), ambacho hakikuwahi kupendekezwa kabla ya hapo, liko kusini mwa Ufini katika nchi ya misitu na vilima vidogo, na urefu wake ni kama mita 4 hivi. Ugumu na urefu ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kwa nini hakuna kuta ndefu, na hizi fupi zilitoka wapi?

Sababu kubwa ni barafu. Mara kadhaa katika enzi zilizopita, tabaka nene la barafu liliteremka kutoka upande wa Kanada, likasaga vilima na kujaza mabonde kwa udongo, mchanga na kokoto. Udongo wenye rutuba unaolisha mashamba ya Illinois na Iowa ni matokeo ya kazi hiyo, na mwamba wenyewe umelala chini yake.

Hata hivyo barafu haikufika kila mahali. Kusini-magharibi mwa Wisconsin, pamoja na kipande cha Minnesota, cha Iowa na kona ya Illinois, kuna eneo liitwalo Driftless ambalo barafu ililizunguka bila kulifunika. Huko mito iliendelea kuchimba mabonde kwa utulivu, na ndiyo maana kando ya Mississippi unaona kuta za dolomaiti, mwamba unaofanana na mawe ya chokaa, kama zile za Mississippi Palisades karibu na Savanna, Illinois. Kusini kabisa mwa Illinois nako barafu ilisimama kabla ya kufikia vilima vya Shawnee, ikayaacha mawe ya mchanga ya kale yasimame na kingo zake.

Devil's Lake, Wisconsin, ina historia yake peke yake. Mwamba wake ulianza kama mchanga wa bahari yapata miaka bilioni 1.7 iliyopita, ukashindiliwa na kupata joto hadi ukawa kwatzaiti, jiwe gumu lenye rangi ya waridi inayoelekea zambarau. Ukipitisha kiganja juu ya baadhi ya mawe yake utasikia matuta madogo yaliyopangana sawasawa: ni mawimbi ya maji ya kina kifupi yaliyochorwa mchangani kabla hapajakuwa na mnyama yeyote duniani. Baadaye sana barafu ya mwisho ilisukuma vifusi na kuziba bonde pande zote mbili, na maji yaliyobaki katikati ndiyo ziwa lenyewe.

Kuna tofauti gani kati ya kukwea kwa kamba na kukwea majabali?

Kukwea kwa kamba ni kupanda ukuta huku umevaa mkanda wa kiunoni na mapajani uliofungwa kwenye kamba, na mwenzako chini akiishika kamba hiyo kwa kifaa maalumu cha kuibana. Huku kwetu njia iliyozoeleka zaidi ni ya kamba ya juu: kamba hupitishwa kwenye nanga iliyofungwa kileleni, ncha moja kwako na nyingine kwa mwenzako, ili ukiteleza usishuke sana. Ipo pia njia ya kuongoza, ambapo mkweaji anapanda na kamba kutoka chini na kuichomeka njiani kwenye karabina, yaani pete za chuma zenye mlango unaofunguka. Anguko lake ni refu zaidi na linahitaji mafunzo zaidi.

Kukwea majabali ni kupanda jiwe fupi bila kamba, juu ya godoro la kuangukia, ukiwa na mwenzako anayekuelekeza unapoanguka. Njia moja inaweza kuwa na hatua tano tu, lakini hatua hizo tano zikakuchukua msimu mzima.

Nikitaka kutoka nje kwa mara ya kwanza, niende wapi?

Kwa mtu wa Chicago, Milwaukee au Madison, jibu ni Devil's Lake, karibu na mji wa Baraboo, umbali wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Chicago. Mahali hapo ni hifadhi ya jimbo tangu mwaka 1911, na kwa Wahochunk, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ziwa hilo ni takatifu. Magenge yanayolizunguka yanapanda kama mita 150 juu ya maji, lakini sehemu kubwa ya mteremko huo ni rundo la mawe yaliyoporomoka. Kuta zinazokwewa, hasa upande wa mashariki, ni vipande vya mita 10 hadi 30. Chicago Mountaineering Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1940, kilijifunzia hapo, na njia maarufu ya Brinton's Crack yenye kiwango cha 5.6 ina jina la mmoja wa wakweaji wa kizazi hicho.

Mambo mawili yafaa yajulikane kabla ya kwenda. Kwanza, Devil's Lake haina bolti za kufungia kamba, na desturi hiyo inalindwa kwa dhati, kwa hiyo kila kundi hulazimika kufunga nanga yake kwa miti, mawe makubwa na nyufa zilizoko juu. Mtu asiyejua kufunga nanga asijaribu kwa kubahatisha. Aende na mwalimu au na mtu mwenye uzoefu. Pili, kwatzaiti inateleza. Haina punje zinazoshika soli kama mawe ya mchanga, na siku yenye unyevunyevu mwingi huwa kama kioo. Mgeni aliyezoea vishikio vya plastiki hushangaa kuona njia ya 5.6 ikimtoa jasho, na hiyo si aibu: viwango vya huko viliwekwa zamani na watu wagumu.

Kwa mtu wa St. Louis, Carbondale au Indianapolis, msitu wa Shawnee ndio jibu. Jackson Falls ni bonde lenye kuta za mawe ya mchanga ambako njia nyingi zina bolti, na Giant City, hifadhi ya jimbo karibu na Makanda, inaruhusu kukwea kwenye kuta chache zilizotengwa. Wa Minneapolis wana Taylors Falls, ambako basalti nyeusi inasimama juu ya mto St. Croix, na wana ufuko wa kaskazini wa Ziwa Superior, ambako Palisade Head inashuka wima hadi majini kwa zaidi ya mita 60. Huo ndio ukuta mmoja wa eneo hili unaostahili kuitwa mrefu, nao si wa mwanafunzi: wakweaji wengi huanza kwa kushuka kwa kamba kuelekea ziwani, kisha njia ya kurudi ni kukwea. Watu wa Iowa wana Pictured Rocks karibu na Monticello na Backbone, hifadhi ya kwanza ya jimbo hilo, iliyozinduliwa mwaka 1920.

Na anayependa majabali tu?

Aelekee kusini mwa Illinois, na hapa naomba niseme wazi kwamba naamini ni miongoni mwa sehemu bora za majabali kati ya milima ya Appalachia na ile ya Rocky. Holy Boulders, karibu na kijiji cha Pomona, ni majabali ya mawe ya mchanga yaliyotawanyika msituni, yenye vishikio vya mviringo, kingo kali na mikunjo kama nta iliyoyeyuka. Ardhi hiyo ilikuwa ya mtu binafsi, na wakweaji wenyewe, kupitia Illinois Climbers Association kwa msaada wa Access Fund, shirika la Marekani linalotetea maeneo ya kukwea, walichangishana fedha wakainunua kwa awamu katika muongo wa 2010 ili isifungwe.

Dixon Springs, katika vilima hivyohivyo, ina nafasi ya pekee katika historia ya mchezo huu. Katika miaka ya 1960, John Gill, mwanahisabati aliyefundisha Chuo Kikuu cha Murray State, ng'ambo ya mto Ohio katika jimbo la Kentucky, alikuwa akija hapo kufanya mazoezi. Gill alitoka katika mchezo wa sarakasi wa viwanjani, yaani jimnastiki, na ndiye aliyeleta unga wa chaki kwenye miamba ya Marekani na kufundisha kwa vitendo kwamba kurukia kishikio kwa hesabu kamili ni ufundi. Wakati ambapo wengine waliona majabali kuwa mazoezi ya kujiandaa kwa milima, yeye aliyaona kuwa shughuli kamili. Wazo ambalo leo linajaza kumbi za miji yote ya dunia lilipata malezi yake kwenye mawe mafupi ya namna hiyo.

Je, nianze ukumbini au nje?

Ukumbini, isipokuwa kama una mwalimu. Kumbi zimejaa Chicago, Minneapolis, Milwaukee, Des Moines na hata katika miji midogo ya vyuo. Huko utapewa somo la kufunga fundo la nane, kukagua mkanda na kushika kamba, kisha utapimwa kabla ya kuruhusiwa kumshikia mwenzako. Njia hutofautishwa kwa rangi ya vishikio na hubadilishwa kila baada ya wiki kadhaa. Bloomington, Illinois, wakweaji waliyageuza maghala ya zege ya nafaka kuwa ukumbi tangu miaka ya 1990, wakakwea ndani na nje ya minara hiyo. Nadhani hakuna jengo linalolieleza eneo letu vizuri kuliko hilo.

Kumbi nyingi pia zina mbao za mazoezi zilizoinama, kama MoonBoard na Kilter Board, ambazo taa zake huonyesha vishikio vya njia uliyoichagua kwenye simu. Mpangilio wa vishikio ni uleule kila mahali, kwa hiyo njia unayoijaribu Cedar Rapids ndiyo anayoijaribu mtu wa London au Tokyo.

Nahitaji vifaa gani, na ni gharama kiasi gani?

Kwa kuanzia, hakuna unachohitaji kununua. Kiingilio cha siku katika kumbi nyingi ni kati ya dola 20 na 30, na viatu na mkanda hukodishwa. Ukiona unaendelea, nunua viatu kwanza. Viwe vya kubana bila kuumiza. Mwuzaji anayekuambia kwamba lazima vidole vikunjamane kwa maumivu anakudanganya, angalau kwa mwaka wa kwanza. Mfuko wa chaki ni bei ndogo. Godoro la kuangukia hugharimu dola 150 hadi 350, na ni jambo la busara marafiki wawili au watatu wakachangia.

Kamba, mkanda, karabina na kofia ngumu zisinunuliwe kwa mtu usiyemjua. Kamba iliyokaa kwenye buti la gari karibu na betri au mafuta haionyeshi kwa macho kwamba imeharibika.

Miamba ikiwa mifupi, hatari si ndogo pia?

Hapana, na ningependa swali hili lisomwe kuliko yote. Ufupi wa ukuta huondoa hofu kabla haujaondoa hatari. Mtu anayeanguka kutoka mita 10 bila kamba anaweza kufa, na mita 10 ni ukuta wa kawaida kabisa huku.

Chukua mfano wa kamba ya juu. Watu hudhani kwamba kamba ikiwa imefungwa kileleni, haiwezekani kufika chini. Kamba ya kukwea imetengenezwa ivutike, ndiyo inayoufanya mwili usivunjike, na kipimo kinachokubalika kinaruhusu kamba moja ivutike hadi asilimia 10 kwa uzito wa mtu anayening'inia tu. Kwenye ukuta wa mita 20, mkweaji akiwa bado karibu na ardhi, kamba iliyoko kati yake na mwenzake ni kama mita 40, kwa kuwa inapanda hadi kileleni na kushuka tena. Hata ikivutika asilimia 8 tu, hiyo ni zaidi ya mita 3. Kwa hiyo aliyepanda mita 2 na akaanguka huku kamba imelegea kidogo atatua chini, tena juu ya mawe. Dawa yake ni mshika kamba kuibana vizuri katika mita za mwanzo, kusimama karibu na ukuta, na kutozungumza na mtu mwingine mpaka mkweaji amepita urefu huo.

Ajali nyingine zinatokea juu, si ukutani. Anayefunga nanga ukingoni mwa genge anatembea kwenye majani makavu na kokoto, mara nyingi akiwa amebeba kamba na mawazo yake yako kwenye mafundo. Ajifunge kwanza yeye mwenyewe, ndipo asogee ukingoni. Nanga iwe na vitegemeo visivyopungua viwili vinavyojitegemea, mti uwe hai na mnene, na kamba ilindwe isisuguliwe na ukingo wa jiwe. Kabla ya mtu yeyote kuondoka ardhini, wawili wakaguane kwa macho na kwa mikono: fundo, vifungo vya mkanda, kifaa cha kubana kamba, karabina iliyofungwa. Ukumbini, mashine zinazoshika kamba zenyewe zimesababisha ajali mbaya kwa watu wenye uzoefu waliosahau kuichomeka kabla ya kupanda, kwa hiyo mazoea ya kukagua yasiachwe hata na aliyezoea.

Kwenye majabali, kila anguko huishia ardhini. Majeraha ya vifundo vya miguu ndiyo ya kawaida zaidi, yakifuatiwa na ya viwiko na vifundo vya mikono kwa wanaonyoosha mkono nyuma kujikinga. Jifunze kutua kwa miguu yote miwili, kukunja magoti na kujibiringisha kwa mgongo huku mikono imekunjwa kifuani. Anayekulinda hakudaki kama mtoto. Kazi yake ni kukusukuma kiunoni na mabegani ili utue godoroni ukiwa wima na kichwa chako kisigonge jiwe. Pengo kati ya magodoro mawili ndipo kifundo kinapovunjikia.

Kwa nini wananiambia nisikwee baada ya mvua?

Kwa sababu mawe ya mchanga hupoteza nguvu yakilowa. Maji yanaingia katikati ya punje na kudhoofisha kinachozishikilia pamoja, na ukingo uliobeba watu kwa miaka mingi unaweza kung'oka mkononi mwako kama kipande cha mkate. Jiwe linaweza kuonekana kavu juu huku ndani bado limelowa. Mahali penye mawe ya mchanga kama Shawnee, subiri siku moja hadi tatu kulingana na jua na upepo, na chimba udongo kidogo chini ya jabali kwa kidole: kama una unyevu, jiwe nalo lina unyevu. Kwatzaiti ya Devil's Lake na basalti ya Taylors Falls hazidhoofiki namna hiyo, ila zinateleza. Watu wanasafiri saa tano kwenda Shawnee, wakute mvua, kisha wakwee tu kwa sababu wameshafika. Kishikio kinachovunjwa siku hiyo hakirudi.

Nambari kama 5.8 na V3 zina maana gani?

Kwa kamba, Wamarekani hutumia kipimo kinachoanza na 5, na nambari baada ya nukta hupanda kutoka 5.0 hadi 5.15, ambapo kuanzia 5.10 huongezwa herufi a hadi d. Mwanafunzi mwenye afya ya kawaida kwa kawaida huanza kati ya 5.5 na 5.8. Kwa majabali hutumika herufi V, kipimo kilichoanzishwa na John Sherman huko Hueco Tanks, Texas, kinachoanzia V0 na leo kimefika V17. Njia ya V3 ya ukumbini mara nyingi ni rahisi kuliko V3 ya nje. Usizitazame sana nambari katika miezi ya mwanzo.

Nifanye mazoezi gani ya vidole?

Mwaka wa kwanza, kukwea tu. Misuli hupata nguvu ndani ya wiki, lakini tishu ngumu zinazoshikilia kano za vidole kwenye mfupa huchukua miezi na miaka kuzoea mzigo. Mtu anayejisikia ana nguvu mpya na kuanza kuning'inia kwa ncha za vidole kwenye ubao wa mazoezi ndiye anayesikia mlio mdogo kwenye kidole cha pete, na kupumzika kwake huwa kwa miezi. Pumzika siku moja kati ya siku mbili za kukwea, na jifunze kutumia miguu. Wageni wengi huvuta kwa mikono njia ambazo zingepandwa kwa kusimama vizuri.

Majira ya baridi tunafanya nini?

Wengi hukaa ukumbini kuanzia Desemba hadi Machi. Lakini baridi ya huku ina zawadi yake. Karibu na Cedar Falls, Iowa, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Don Briggs, mkufunzi wa Chuo Kikuu cha Northern Iowa, alikuja na wazo la kumwagia maji ukuta wa ghala la shambani wakati wa baridi kali, usiku baada ya usiku, hadi ukavikwa barafu nene ya zaidi ya mita 20 kwenda juu. Watu huikwea kwa shoka fupi na viatu vyenye meno ya chuma. Minnesota nako, miji ya Sandstone na Winona hutengeneza barafu kwenye kuta zake kwa mabomba ya maji. Mashamba yametupa mnara pale ambapo asili haikutupa mlima.

Kwa mwamba wenyewe, misimu mizuri ni majira ya kuchipua na hasa Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba, hewa ikiwa kavu na ya baridi kiasi. Julai ni joto la unyevu na mbu.

Je, nahitaji kibali?

Inategemea mahali. Hifadhi za jimbo la Minnesota zinazoruhusu kukwea hutoa kibali bila malipo, Backbone ya Iowa inataka ujiandikishe, na Wisconsin inatoza ada ya kuingiza gari. Hifadhi nyingi za Illinois haziruhusu kabisa isipokuwa kuta zilizotajwa. Piga simu ofisi ya hifadhi kabla ya kusafiri, kwa sababu kuta hufungwa pia kwa muda: kozi hutaga mayai kwenye magenge ya Ziwa Superior majira ya kuchipua, na sehemu hizo hufungwa hadi makinda yaruke.

Kuna pia mahali ambapo heshima inapita kibali. Kilima cha Red Wing, Minnesota, kiitwacho He Mni Can na Wadakota, kina njia nyingi nzuri za dolomaiti na pia makaburi ya wahenga wao. Fuata njia zilizowekwa, usipige muziki, usiache kitu.

Vipi kuhusu nyoka, kupe na mimea yenye sumu?

Kupe ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa wale wadogo wenye miguu meusi huambukiza ugonjwa wa Lyme. Vaa suruali ndefu msituni na ujikague mwili mzima jioni, nyuma ya magoti na kwenye nywele pia. Mmea uitwao poison ivy, wenye majani matatu matatu, umejaa chini ya kuta na huwasha kwa wiki mbili. Osha mikono na kamba ikiwa vimegusana. Kusini mwa Illinois wapo nyoka wenye sumu, wakiwemo wale wenye njuga mkiani, na katika vilima vya Shawnee ipo barabara ambayo serikali huifunga kwa magari kila majira ya kuchipua na ya majani kupukutika ili nyoka wavuke kati ya magenge na bwawa. Usitie mkono kwenye ufa usioona ndani yake.

Mtu aliyejifunza hapa anaweza kwenda kwenye milima mirefu?

Ndugu wawili wahamiaji wa Kijerumani waliokuwa wakiishi Chicago, Joe na Paul Stettner, waliendesha pikipiki hadi Colorado mwaka 1927 na kufungua njia kwenye uso wa mashariki wa Longs Peak ambayo bado ina jina lao. Siku hizi, Kyra Condie wa Minnesota, ambaye pingili kumi za uti wa mgongo wake ziliunganishwa kwa upasuaji alipokuwa msichana, alikua kwenye kumbi za huko na akaiwakilisha Marekani katika michezo ya Tokyo, na Michaela Kiersch, aliyelelewa kwenye kumbi za Chicago, amemaliza njia ngumu kabisa za Hispania. Kinachokosekana huku ni uzoefu wa kuwa juu kwa saa nyingi, kubadilisha nanga katikati ya ukuta na kusoma hali ya hewa ya milimani. Hayo hujifunzwa baadaye na mwongozaji mzuri. Miguu, vidole na tabia ya kukagua fundo hutoka nyumbani.

Nikienda Kenya au Tanzania kwa likizo, nitapata pa kukwea?

Utapata. Fischer's Tower ndani ya hifadhi ya Hell's Gate, Naivasha, ni mnara wa mwamba wa volkano wa mita 25 hivi, na Mwanza imejengwa katikati ya majabali makubwa ya matale. Lukenya, kando ya barabara ya Mombasa nje ya Nairobi, ndiko wakweaji wa Kenya wamejifunzia kwa miaka mingi, na urefu wa kuta zake hautamshangaza aliyetoka Devil's Lake. Huko nako, kwenye njia nyingi, unafunga vitegemeo vyako mwenyewe kwenye nyufa, kwa hiyo wasiliana na Mountain Club of Kenya mapema ili upate mwenyeji mwenye vifaa, maana kubeba vyuma vyote hivyo kwenye ndege kutakula kilo za zawadi za nyumbani.